Siku Niliyompita Bwana Harusi

Habari hii siipendi, lakini kwa kuwa video yake imeshazunguka kwenye magrupu yote ya WhatsApp kuanzia huku kwetu Chome mpaka Same mjini, na kuna shemeji yangu aliyeko Mwanza ambaye tulikuwa hatujasalimiana miaka mingi akanipigia simu ili anicheke tu, naona bora niisimulie mwenyewe, maana wanaoisimulia wanaongeza chumvi na wengine wanasema nilikuwa nimelewa. Sikulewa. Mimi ni mzee wa kanisa, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na siku ile nilikuwa nimekunywa chai ya tangawizi na vidonge vyangu basi.

Vidonge vyenyewe ni vya Parkinson. Kama huujui, ni ugonjwa wa ubongo, unaingia polepole na ukishaingia hauondoki. Mkono wangu wa kulia unatetemeka wenyewe (dereva mmoja wa bodaboda aliwahi kunivulia jaketi lake akidhani nasikia baridi, nami nikalivaa, kwa sababu baridi kweli ilikuwepo), ila mkono si tabu sana. Tabu ni miguu. Inaganda. Natembea vizuri tu, nafika mlangoni, na pale pale kwenye kizingiti miguu inagoma, kichwa kinasema twende, kifua kimeshatangulia, lakini nyayo zimeng'ang'ania sakafu, na aliye nyuma yangu anadhani kuna kitu nimekisahau ndani.

Sasa binti yangu Namsifu akaposwa na kijana wa Usangi, mahari ikaisha salama, ukoo ukakaa kikao cha harusi, na katika kikao hicho mdogo wangu Elinami akasema kwa upole kabisa kwamba kaka asisumbuliwe, kaka atakaa kiti cha mbele apumzike, yeye baba mdogo ndiye atakayemwingiza bibi harusi kanisani. Alisema kwa nia njema, namjua, lakini suti alikuwa ameshashonesha. Wote wakaitikia kwa vichwa. Mke wangu akaangalia chini. Namsifu, aliyekuwa anapitisha chai, akasimama na birika mkononi akaniangalia mimi tu, na hapo nikasema nitamwingiza mwenyewe, kwa miguu yangu hii hii. Nilikasirika, niseme ukweli, nilikasirika mpaka mkono wa kushoto nao ukatetemeka, na wenyewe hauumwi.

Ndiyo nikaanza kuteremka Same kwa ajili ya fiziotherapia. Unapanda gari la alfajiri, unarushwarushwa kwenye mawe mpaka ukifika hospitali unahitaji fiziotherapia ya ile barabara kwanza. Mtaalamu mwenyewe ni dada mmoja anaitwa Nakijwa, kijana kabisa, ana shikamoo ya heshima halafu baada ya hapo hana huruma. Mimi nilidhani atanikanda miguu kwa mafuta huku nimelala. Thubutu. Aliniambia kwamba ugonjwa hautapona, tusidanganyane, ila ubongo una njia zaidi ya moja ya kuufikia mguu. Ile ya kutembea bila kufikiri ndiyo iliyoharibika, kwa hiyo tutapita nyingine. Akachora mistari ya chaki sakafuni, akasema kila mstari niuvuke kama navuka mfereji wa shambani. Nikavuka. Mimi niliyekuwa nimeganda mlangoni kwake mpaka foleni ikajaa, nikavuka mstari baada ya mstari hadi dirishani, na nilipofika nikalia. Akaniacha nilie kidogo, halafu akasema turudie.

Njia ya pili ilikuwa mdundo. Akaniuliza ni mdundo gani mwili wangu unaujua hata nikiwa usingizini, nikamwambia mchakamchaka, maana kwa miaka yote ya ualimu nimekimbiza watoto alfajiri na filimbi mdomoni. Akasema safi, nikiganda na hakuna mistari nihesabu kushoto, kulia, lakini polepole na kimoyomoyo, kwa sababu miguu ya ugonjwa huu ikishaondoka kwa kasi hukimbia yenyewe kuufukuza mwili ulioinamia mbele, na kuisimamisha ni kazi. Hilo la polepole alilirudia kila nilipokwenda. Nililisikia kila mara.

Huku nyumbani mazoezi nilifanyia kanisani, kwa ruhusa ya mchungaji, kwa sababu sakafu ya kanisa letu ina vigae vyeupe vyenye mistari myeusi inayokatiza njia, mmoja baada ya mwingine, kutoka mlangoni hadi madhabahuni, kana kwamba aliyeijenga alikuwa na Parkinson. Kila jioni nilikuwepo, naingia, natoka, naingia tena. Akina mama wa maombi wakadhani nimeamshwa kiroho, wakaanza kuniletea majina ya wagonjwa niwaombee, na mimi niliona aibu kukataa, basi nikawa navuka mistari huku nawaombea. Namsifu alipokuja likizo tulifanya wote, mkono wake ndani ya mkono wangu, mpaka kizingiti kile kikawa si kitu kwangu.

Halafu, siku chache kabla ya harusi, mwenyekiti wa kamati akanipigia simu. Watu wa mapambo kutoka Same wanalo zulia jekundu, zuri, refu la kutosha kanisa zima, je, mzee anaonaje, walitandike? Nikakumbuka harusi ya jirani yangu ambapo zulia lilikuwepo na kila mtu alilipiga picha. Nikasema tandikeni. Ndiyo hilo tu nililolifanya, rafiki zangu, neno moja la kutaka sifa. Nilikata simu nikijiona mtu mkubwa, na akilini mwangu haikupita hata kidogo kwamba zulia likitandikwa juu ya mistari, mistari haitaonekana.

Siku ikafika. Msafara wa bwana harusi ukachelewa kutoka Usangi, na vidonge vyangu havijui kusubiri msafara, vikifika muda wake vinaanza kuisha nguvu mwilini. Tukasimama nje, mimi na binti yangu aliyependeza, kwaya ikaanza, milango ikafunguliwa, watu wote wakasimama na kugeuka kututazama. Nikatupa macho chini nitafute mstari wangu wa kwanza, nikaona jekundu. Jekundu tupu mpaka mbele.

Nikaganda.

Kwaya ikamaliza ubeti, ikaingia wa pili, ikaanza wimbo upya. Mpiga video alikuwa anarudi kinyumenyume huku akinipungia mkono nije, na mimi nilikuwa natabasamu ili ionekane nimesimama kwa makusudi. Nikamwona Elinami kwenye benchi la mbele anafunga vifungo vya koti. Hapo ndipo akili ilipohama. Nikakumbuka mdundo, nikasahau polepole, nikasahau na kimoyomoyo, na sauti ikatoka ile ile ya uwanja wa shule, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kanisa zima likasikia, na miguu ikaondoka.

Iliondoka kweli. Hatua zikawa fupi na za haraka, kila moja inaifukuza iliyotangulia, Namsifu akashika gauni kwa mkono mmoja na mimi kwa mkono wa pili, wapambe nyuma yetu wakaanza kukimbia kwa sababu walidhani ndivyo ilivyopangwa, na wazee waliopita mikononi mwangu darasa la kwanza (wapo kanisani mle, wana wajukuu) wakaanza kupiga makofi ya mchakamchaka bila kujijua. Bwana harusi alikuwa amenyoosha mkono ampokee mke wake. Tukampita. Nilimwona usoni alivyobaki, maskini, mkono bado hewani. Namsifu akajichomoa kwa wakati, mimi nikaendelea peke yangu hadi kwaya, nikakumbatia kinanda chao cha umeme, tukaanguka wote wawili, na kinanda kule chini kikaanza kupiga chenyewe mdundo wa dansi, na hakuna aliyejua kinazimwa wapi.

Walipokizima, watu walikuwa wameinuka kwenye mabenchi kunichungulia. Nilikuwa nimekaa sakafuni, miwani upande mmoja, sijaumia popote ila kule ambako hakufungwi bandeji. Elinami akaja akaniinamia. Aliniambia kwa sauti ya chini, na uso wake ulikuwa wa huruma tupu, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kicheko:

"Kaka, umejitahidi. Kaa sasa, mimi nitammalizia."

Kiti cha mbele kilikuwa pale pale karibu, kina mto na kitambaa cheupe. Ningekaa, harusi ingeendelea, na kila mtu angesema mzee alijaribu. Nikamtazama Namsifu. Shela limekaa vibaya, anahema, na macho yake ni yale yale ya siku ya birika la chai.

Nikasema, "Elinami, asante, keti. Na hilo zulia likunjeni. Tunarudi mlangoni."

Mchungaji akaangalia saa yake, halafu akavua miwani, akashuka madhabahuni akawa wa kwanza kushika pembe ya zulia. Wakalikunja hivyo hivyo na maua yake, kwaya, wapambe, bwana harusi mwenyewe na suti yake, na mistari yangu ikatokea, mmoja baada ya mwingine, mpaka mlangoni. Nakijwa, ambaye nilimwalika na alikuwa amekaa benchi la nyuma, hakunikimbilia wala hakunishika. Alinisubiri nifike pale kizingitini nikiwa nimeshikiliwa na watu, akawaambia waniachie.

"Mwalimu, simama kwanza," alisema. "Pumua. Hamishia uzito mguu wa kushoto. Kwaya waache waimbe wanavyotaka, wewe hesabu yako."

Nikasimama, nikapumua. Mguu haukuja. Nikapumua tena. Jasho lilinitoka na baridi yote ile ya Chome. Namsifu akachomoza mguu wake wenye kiatu cheupe chini ya gauni, akauweka kwa kukingama mbele ya mguu wangu, kama tulivyofanya jioni zile nilipokuwa nimechoka na mistari haitoshi, na nikauvuka mguu wa binti yangu. Kisha mstari. Kisha mstari mwingine. Hakuna aliyepiga makofi, nawashukuru, maana wangepiga ningeanza tena kukimbia. Tulikwenda taratibu mno hata kwaya ikaishiwa beti na kunyamaza, tukamalizia kwa sauti ya viatu tu. Nilipofika mbele ya bwana harusi nilisimama, na nilisimama mwenyewe.

Mchungaji akauliza ni nani anayemtoa binti huyu. Nikasema ni mimi baba yake, na nililisema kwa nguvu ile ile ya uwanja wa shule, kwa hiyo na hilo limo kwenye video, ingawa wanaorusha huwa hawalirushi hilo.

Tangu siku ile nimeapa, na mke wangu ni shahidi, mtu akija na zulia lake, liwe jekundu, liwe la kijani, liwe la dhahabu, anaanza kwa kuniuliza nitakanyaga wapi, na nitamjibu ukweli mbele ya kamati nzima, kwamba mimi ni mgonjwa na nahitaji mistari. Same nateremka bado. Nakijwa sasa ananifundisha kugeuka.

Ila kuna moja ambalo kwenye video halionekani. Bwana harusi alipomshika Namsifu mkono mmoja, ule mwingine ulikuwa bado kwangu, na mimi sikuuachia. Akavuta kidogo, sikuachia. Mchungaji akaniinamia akaniuliza kwa kunong'ona, kwa upole, kama mkono umeganda, ili wasubiri. Nikamwambia ndiyo, mchungaji, umeganda. Haukuwa umeganda. Nilimdanganya mchungaji mbele ya madhabahu yake nikiwa mzee wa kanisa, wakanisubiri, na Namsifu akajua, akaninyamazia. Dhambi hiyo nimeahidi kwa Mungu sitairudia, na hata ningetaka ningeirudia wapi, binti ninaye huyo mmoja tu.