Breki za marehemu Ilunga zilivyoita mteremkoni Nchelenge

Wakuu, nawasalimu kutoka ukingoni mwa Ziwa Mweru, upande wa Zambia. Haya yamenipata mwenyewe, na sitayapamba, hata pale ambapo ukweli unaniaibisha.

Nimevuka miaka arobaini na tano, chuo nilisomea Dar, na kazi ndiyo iliyonileta Nchelenge. Jirani yangu alikuwa Ilunga, Mkongomani mfanyabiashara wa samaki. Siku moja alipanda mtumbwi kwenda kisiwa cha Kilwa, humu humu ziwani, hakurudi. Mwili haukupatikana.

Mwaka mmoja baadaye mkewe, Mama Chantal, alinipa baiskeli ya marehemu.

"Kamata, shemeji. Chuma inaoza juu ya kukaa bure."

Ni baiskeli ya cyclocross, mtumba kutoka Lubumbashi: usukani umepinda kama pembe za kondoo, matairi yanamudu mchanga, na breki ni za diski, za waya.

Kwa wasiozijua: ukibana kishikio, waya husukuma pedi moja ibane diski ya chuma iliyo katikati ya gurudumu. Pedi ya upande wa pili haisogei. Unaisogeza mwenyewe kwa spana inapolika. Ni breki rahisi mno, na kwa urahisi huo niliiamini bila kuikagua.

Siku ya kwanza nilishuka mteremko wa kuelekea nyumbani saa tisa alasiri. Ziwa lilikuwa jeupe, upepo umekufa, barabarani hakuna mtu. Nikabana breki kidogo.

Ikaita.

Wakuu, haukuwa mlio wa chuma. Ilikuwa sauti ya mtu, ndefu, ikianzia chini na kupanda: huuu-yeee. Ndivyo Ilunga alivyokuwa akiita kutoka palepale juu, kila arudipo na samaki, ili mkewe ateleke maji ya bukari, yaani ugali.

Chini, Mama Chantal alikuwa amekwisha kutoka mlangoni, mwiko mkononi.

"Njo yeye," alisema, yaani ndiye. Hakuwa akisema nami.

Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa. Nilijua kuwa breki inayolia ni breki mgonjwa. Elimu hiyo ninayo. Lakini yule mama aliniomba:

"Usipeleke ile frein kwa fundi, shemeji. Acha ilie."

Nikaacha. Na nikiri hapa: hata mimi nilianza kuingoja ile sauti.

Wiki ya pili hakunisubiri tena mlangoni. Nilimkuta katikati ya barabara, chini kabisa ya mteremko, mikono ameifungua. Nikabana breki. Ikaita, kisha ikanyamaza, kishikio kikagusa usukani, na baiskeli ikazidi kasi.

"Toka, shemeji! Toka!" nilipiga kelele.

Alitabasamu. Macho yake yalipita juu ya bega langu.

"Kuya, Papa Chantal," alisema, akimwita mumewe aje.

Niliitupa baiskeli kwenye uzio wa matete. Gurudumu lilipita likigusa pindo la kitenge chake. Mimi nilichunika mkono mzima. Yeye hakurudi nyuma hata hatua moja.

Siku hiyo hiyo nilimpelekea baiskeli fundi wa sokoni, Mzambia mmoja mcheshi. Alipitisha kidole kwenye diski, akanusa, akacheka.

"Awe, mudala! Hii baiskeli iko tayari kwa nshima. Nani aliikaanga?"

Mudala ni mzee, na nshima ni ugali wa huku. Kumbe jibu lilikuwa hilo. Huku ziwani unyevu unakula chuma, kwa hiyo watu hufuta baiskeli zao kwa mafuta yaliyobaki baada ya kukaanga samaki. Kwa baiskeli nyeusi za kawaida, zisizo na diski, haina shida. Mama Chantal aliifuta ya mumewe kila Jumamosi, mwaka mzima, na diski pia.

"Ilikuwa inakamata kutu," aliniambia. "Bwana yangu hakupenda kutu."

Pedi zilizokunywa mafuta haziponi. Mpya zilikuja na basi kutoka Lusaka, diski ikasafishwa kwa spiriti, waya ukakazwa. Kabla ya kuzifunga nilimweleza. Alilia kidogo, akaomba zile pedi za zamani, akazifunga kwenye ncha ya kitenge.

Tangu hapo breki iko kimya.

Juma lililopita nilipata pancha juu ya mteremko. Nilishuka kwa miguu, baiskeli nimeibeba begani, breki sijaigusa. Nilipofika chini, bukari lilikuwa limekwisha kuiva.

"Umekawia, shemeji," alisema. "Yeye aliita zamani."

Mkekani palikuwa na sahani tatu. Yule mama anaishi peke yake. Chantal ameolewa Lubumbashi.

Nililojifunza: mafuta yasikaribie diski kamwe, na breki ikianza kulia, itengeneze siku hiyo hiyo, hata kama unaupenda mlio wake. Mimi niliupenda, nikakaribia kumuua mke wa rafiki yangu.

Mafundi, nikosoeni kuhusu pedi. Na aliyewahi kukaribishwa chakula cha namna ile, aniambie alifanyaje. Mimi niliketi, nikala sahani yangu. Ile ya tatu sote wawili hatukuitazama.