Sweta Lililoshonwa Mkono

Mama yangu alishona mkono wa kushoto wa sweta la mpwa wangu siku ya Jumamosi, amekaa kwenye kigoda barazani, akiimba wimbo wa kwaya. Hakujificha. Alitumia uzi mweusi kwenye sweta la bluu, mishono iliyobanana kama ya kuziba gunia la mahindi, na alipofika mwisho akakata uzi kwa meno na kumwita mtoto.

"Njoo uvae, bibi. Leo kuna upepo."

Upepo ulikuwepo kweli. Mwezi wa saba, upepo wa Sumbawanga unakupita mwilini kana kwamba hukuvaa kitu. Mtoto akaingiza mkono wa kulia, ukatokeza. Akaingiza wa kushoto, haukutokeza. Akausukuma, akaona ncha ya sweta inachezacheza, akacheka.

"Anko, ona, mkono wangu umelala."

"Uache ulale," mama akamjibu kabla yangu. "Ukiamka unaleta fujo."

Mpwa wangu ana miaka mitano na ni mashoto. Hakufundishwa na mtu. Tangu alipoanza kushika kijiko, alikishika kwa kushoto, na tukikihamisha alikirudisha, bila ubishi, kama mtu anayerudisha kiti mahali pake. Mama yake, dada yangu, anafanya biashara ya dagaa na migebuka. Anashuka Kipili, ziwani, anakaa huko mpaka mzigo utimie, anapanda nao kuuuza sokoni, anashuka tena. Nyumbani tunabaki watatu: mama, mtoto na mimi, niliyemaliza chuo cha ualimu na kurudi kusubiri ajira. Mama anakwenda shamba na jumuiya. Mimi namwogesha mtoto, namsugua magoti, nampikia uji wa ulezi. Wanawake wa bombani wamenipa cheo.

"Mjomba yaya, leo umempikia nini?"

"Uji."

"Umetia karanga?"

"Nimetia."

"Basi mwaka huu utaolewa."

Hilo sikulichukia. Nilichochukia ni namna mji mzima ulivyokubaliana kuhusu mkono wa mtoto mdogo. Hapa watu hawakubaliani hata bei ya debe la ulezi. Sisi Wakatoliki tuna sikukuu zetu na majirani zetu Waislamu wana zao. Lakini kwenye mkono wa kushoto wote ni kitu kimoja. Mzee mwenye duka la pembeni yetu, Mwislamu mpole ambaye huwapa watoto pipi za bure, alikuwa anaiacha sarafu ya mpwa wangu ielee hewani.

"Mchumba, huo mkono siujui. Nipe ule mwingine."

Mtoto anabadilisha. Mzee anapokea, anatabasamu, anampa pipi, na mtoto anaipokea kwa kushoto. Pipi inarudi juu.

"Mchumba."

Watu waliosubiri nyuma yetu walikuwa wanacheka, nami nilikuwa nacheka nao kwa adabu, kisha narudi nyumbani nikiwa na maneno yote ambayo ningesema. Ndivyo nilivyo. Kitu kidogo nakifikiria mpaka kinajaza chumba. Nikiosha vyombo niliandaa hotuba ya kumweleza mama. Niliipanga kwa hoja: kwanza ubongo, pili hofu, tatu mwandiko. Niliogopa kwamba mtoto atapata kigugumizi, maana nilisoma mahali kwenye simu kwamba inawezekana, halafu nikasoma mahali pengine kwamba si kweli, halafu nikaogopa yote mawili. Siku niliyothubutu, nilifika hoja ya kwanza tu.

"Nimesoma, mama, kwamba mtoto akilazimishwa..."

"Umesoma wapi?"

"Kwenye simu."

"Hiyo simu imewahi kulea mtoto?"

Akaendelea kupembua maharage.

Sweta lilikaa mwilini mwa mtoto kutoka asubuhi hadi jua la mchana, na jioni likarudi. Kwa baridi yetu hakuna mtoto anayevua sweta kwa hiari, na mama alilijua hilo. Ndiyo sababu hakumfunga kitambaa kama wengine wanavyofanya. Kitambaa kingeonekana kama adhabu. Sweta lilionekana kama upendo. Majirani walipolishika na kulisifu, nilitamani kulitupa chooni.

Mchezo uliisha upesi. Mpwa wangu alikuwa na desturi ya kuchora kwa mkaa kwenye sakafu ya baraza, mbuzi mwenye miguu mingi kuliko inavyotakiwa, na kila mbuzi alikuwa na jina. Mkaa ukabaki pale ulipo. Mezani alikuwa anamega ugali kwa mkono wa kulia, tonge linavunjika njiani, mchuzi unamwagika kwenye goti, mama anasema, "Taratibu, utazoea," na mtoto anasema ameshiba. Alikuwa hajala kitu. Niliona shingo yake inakuwa nyembamba ndani ya kola. Mama naye aliiona, akasema ni minyoo, akamnunulia dawa.

Mwishoni mwa mwezi tukaenda kijiji cha Kate kumaliza msiba wa mume wa mama mkubwa, dada yake mama. Asubuhi nilificha sweta chini ya godoro. Mama alilipata bila hata kutafuta.

"Kule kuna baridi kuliko hapa," alisema, na ilikuwa kweli. Kila mara alikuwa na kitu cha kweli cha kusema.

Baada ya misa chakula kilitolewa uani, wanaume huku, wanawake kule, watoto na sinia lao karibu na ukuta wa jikoni. Mpwa wangu alipewa kiazi cha kuchoma, akakishika kwa mkono wake mmoja. Watoto wa pale wakala haraka, wakakimbilia shambani nyuma ya nyumba, kwenye matuta ya mwaka uliopita. Matuta yetu ya Ufipa ni ya duara, kila moja kama kilima kidogo, na watoto wote wa huku hucheza kuruka kutoka moja hadi jingine bila kugusa chini. Nami niliucheza. Niliwaangalia nikiwa na sahani mkononi. Nilikuwa tayari nimeshafikiria kwamba ataanguka. Lakini mimi hufikiria hivyo kila siku, juu ya kila kitu, kiasi kwamba sijiamini tena nikifikiria.

Aliruka la kwanza. Aliruka la pili. La tatu mguu uliteleza. Mkono wa kulia ulikuwa na kiazi na hakukiachia. Mkono wa kushoto ulikwenda mbele, nikauona ukienda mbele ndani ya sweta, ukanyooka kama unavyotakiwa, lakini vidole vilikuwa vimefungwa na hapakuwa na cha kushika. Aliangukia kidevu, juu ya jiwe.

Nilipomfikia alikuwa bado hajalia. Damu ilikuwa inashuka kwenye sweta la bluu. Wanawake walikuja mbio, mmoja na maji, mmoja na kanga, wote kwa huruma ya kweli kabisa. Mama mkubwa akamwinua kidevu, akatazama, akatikisa kichwa.

"Mnaona sasa? Ndiyo maana tunawakataza. Mashoto hawana miguu."

Mtu mmoja akacheka. Si kwa ubaya, ni kicheko cha kutuliza mtoto. Lakini ilinitosha.

Niliushika ule mkono wa sweta nikavuta mishono kwa vidole. Uzi wa mama ni imara. Nikainama nikauma kwa meno, nikavuta, nikauma tena, mdomoni nina sufu na udongo, mbele ya ukoo wote uliokuja kumaliza msiba. Uzi ulipokatika mkono wa mtoto ulitoka umesinyaa kwa jasho, mweupe kwenye ncha za vidole.

"Mmemfunga mtoto kama mbuzi," nilisema, "halafu akianguka mnamcheka!"

Mzee mmoja akasema kutoka upande wa wanaume, "Msomi, tulia. Hapa ni msibani."

"Shikamoo, mzee," nikamjibu, kwa sauti ambayo shikamoo haikuumbwa kwa ajili yake.

Mama alimfunga mtoto mgongoni tukaenda zahanati, yeye mbele, mimi nyuma, kama watu wasiojuana. Mhudumu alimshona mtoto kidevu. Alitumia uzi mweusi. Nilitoka nje kwa sababu ningemtukana mtu asiye na kosa lolote.

Mama alinifuata kwenye benchi baada ya muda.

"Umenivua nguo mbele ya ndugu zangu."

"Na wewe mtoto umemvunja uso."

"Unamkumbuka mama yako mdogo?"

Nilimkumbuka kidogo, mdogo wao wa mwisho, aliyefariki nikiwa mtoto. Nilikumbuka anavyocheka tu.

"Alikuwa mashoto," mama alisema. "Unajua tulivyokuwa tunalima matuta? Mnapanga mstari, mnakata udongo na majani yake, mnageuza majani yakae chini, wote mnageuzia upande mmoja. Yeye alikuwa anageuzia upande wa mwenzake. Udongo unamwangukia mtu miguuni. Siku moja jembe lake likagongana na la jirani, likampata jirani kwenye mguu. Basi wakamweka mwisho wa mstari, peke yake. Kila shamba, mwisho. Pombe ya kimpumu ikitolewa, inaanzia kule kwingine, ikimfikia ni machicha. Wanaume waliokuja kuangalia wasichana walikuwa wanaanzia mwanzo wa mstari. Hawakufika mwisho. Alizeekea pale."

Hakulia. Alikuwa anazungusha kipande cha uzi kwenye kidole. Sijui alikiokota saa ngapi.

"Huyu hatalima matuta, mama," nilisema. "Mwakani anaanza shule."

"Shuleni hakuna mstari?"

Nikaliona darasa nililofundisha nikiwa mazoezini, watoto wamebanana kwenye dawati moja, na yule mashoto aliyekuwa anamgonga mwenzake kiwiko kila akiandika, mpaka akahamishwa mwisho. Mwalimu wa darasa ndiye aliyemhamisha. Mimi nilidhani ni busara. Kukumbuka hilo kulinikasirisha kuliko kitu chochote alichokuwa amefanya mama. Nilikuwa nimemwelewa sasa. Nilikuwa nadhani ukimwelewa mtu hasira inapungua. Yangu ilipata mizizi. Walikuwa na dada mmoja, mtu mzima, mwenye kicheko nilichokikumbuka mpaka leo, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyefikiria kuugeuza mstari. Walimwona anazeekea mwisho, wakajifunza kushona.

Nilimwambia hivyo. Nilimwambia yote, na hoja ya pili na ya tatu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Twende, gari litatuacha."

Dada yangu alipanda kutoka Kipili siku chache baadaye, ananuka samaki, mikono imechubuka kwa chumvi. Nilimsubiri kama anavyosubiriwa hakimu. Alimshika mtoto kidevu, akautazama mshono, akamtazama mama aliyekuwa anachochea moto, akaniita nyuma ya nyumba.

"Umegombana na mama?"

"Umeona uso wa mwanao?"

"Nimeuona. Nakuuliza umegombana na mama?"

"Alimshona mkono ndani ya sweta!"

"Nasikia." Sauti yake ilikuwa ya chini na ya kuchoka, na hasira yake ilikuwa kubwa kuliko yangu, ila ilikuwa inanijia mimi. "Wewe wakikuita kazini kesho, unaondoka na begi lako. Tena utashukuru Mungu. Mimi nikishuka ziwani nitamwachia nani huyu mtoto? Simu yako? Mama akisema amechoka na sisi, mimi nimekwisha. Kwa hiyo usimfokee mama tena. Mwambie yeye mkono ni mkono, mwambie taratibu, au nyamaza."

"Na mtoto?"

"Mtoto atakula. Ukinyamaza, atakula."

Akaingia ndani kupakua dagaa.

Mama hakulishona sweta tena. Sijui kama ni kwa sababu yangu, au ya dada, au ya jiwe. Alilifua, damu ikabaki kivuli kifuani, na mwisho wa mkono wa kushoto ukabaki nyuzi zinaning'inia nilipouma. Mtoto analivaa kila asubuhi. Nilidhani mbuzi watarudi kwenye sakafu siku hiyo hiyo. Niliweka kipande cha mkaa upande wake wa kushoto, nikajifanya nafagia.

Mkono haukutoka. Tundu lipo wazi, upepo unaingia, naye ameukunja mkono ndani, ngumi, peke yake, bila uzi. Anamega ugali kwa kulia. Tonge halivunjiki tena. Dukani anatoa sarafu kwa kulia, na mzee anamwambia, "Haya, mchumba, umekua," na watu nyuma yetu wanafurahi. Mimi sicheki nao tena. Mama anamtazama anakula, halafu ananitazama mimi, na hasemi kitu, kwa kuwa dada amemkataza naye, kama alivyonikataza mimi.

Kila asubuhi naukunja ule mkono wa sweta mpaka kwenye kiwiko, ngumi inabaki nje kwenye baridi. Ananisubiri nimalize, kwa adabu. Kisha anaushusha.