Mwalimu Mbudha na Sala ya Bibi

Mwezi uliopita mama mmoja wa usharika wetu hapa Handeni alikuja kwangu kuazima sufuria ya harusi, akaona kitabu cha mafundisho ya Budha mezani, kando ya Biblia. Akachukua sufuria, akaenda zake. Jumapili iliyofuata mzee wa kanisa mwenzangu akaniuliza, kwa sauti ile ya kumsemesha mgonjwa, kama bado niko pamoja nao. Nikamjibu nipo, tena nipo zaidi tangu nianze kukisoma. Hakuelewa. Wewe tunajuana siku nyingi, nitakueleza vizuri, lakini itabidi twende kwanza Bungu.

Nililelewa huko, juu milimani Korogwe, na bibi mzaa mama. Mama yangu alifariki nikiwa darasa la tatu, kwa uzazi, njiani akiteremshwa hospitali. Msibani kila aliyeingia alimwambia bibi asilie, ni mapenzi ya Mungu. Akatii. Aliendelea kulima maharage, kuchemsha magimbi alfajiri na kuniamsha kwa kunivuta kidole gumba cha mguu. Jumapili hatukukosa benchi letu upande wa wanawake.

Ila kulikuwa na jambo nililolijua mimi peke yangu, kwa kuwa nilisimama karibu na mbavu zake. Katika Sala ya Bwana, tukifika pale tunapomwambia Mungu mapenzi yake yatimizwe, bibi alifunga mdomo. Alirudi kuungana nasi kwenye ombi la mkate wa kila siku. Na kwa kuwa neno lile halikumtoka, alijiona hastahili Meza ya Bwana, akawa anabaki ameketi wenzake wakienda mbele. Watu walidhani ni magoti.

Mimi niliogopa. Nilikuwa kwenye mafundisho ya kipaimara, na nilivyoyaelewa, bibi akifa hivyo hatamwona mama tena.

Mwaka huo shule ya sekondari ilipata mwalimu wa hesabu kutoka Sri Lanka, mtu mwembamba na mpole, akapanga chumba kwa jirani yetu. Kila asubuhi, ukungu haujainuka, alitandika mkeka barazani, akakaa chini amekunja miguu, macho ameyafumba, kimya. Sasa kwetu mtu mzima hakai chini kwenye mkeka asubuhi, mikono mitupu, kazi zinamngoja, ila amefiwa. Siku ya nne wanawake wa mtaa wakaja na kuni vichwani, unga, maharage, na birika kubwa la chai ya mchaichai. Wakavua kandambili, wakatandika kanga, wakakaa naye. Hakuna aliyemuuliza nani amefariki, maana mfiwa huachwa aseme mwenyewe akiwa tayari.

Mwalimu alipofumbua macho alikuta baraza imejaa. Bibi, aliyekuwa mkubwa wao, akamwambia, "Pole sana, mwalimu. Utusamehe tumechelewa, hatukupata habari."

Akaanza kueleza kwa Kiswahili chake cha vitabuni kwamba hapana, hii ni ibada yake ya kila siku, yeye ni Mbudha. Akakwama katikati. Kisha akasema mama yake alifariki mwaka uliopita, kwao, yeye akiwa tayari huku, na hakumzika. Hakuwa amemwambia mtu. Wanawake walikaa mpaka chai ikaisha, na wanafunzi wakakosa vipindi viwili vya hesabu bila kulalamika.

Tangu hapo bibi alikuwa akipita pale kabla ya kwenda shamba. Aliegemeza jembe ukutani, akakaa ukingoni mwa mkeka. Hawakuzungumza sana. Siku moja nilikuwa nimemfuata, nikamsikia akiuliza, "Mwanangu, ukikaa hivi uchungu unaondoka?"

"Hauondoki, mama. Naacha tu kuufukuza. Nautazama."

Bibi akaguna. "Mimi naufukuza mwaka wa nne huu."

Habari zikamfikia mwinjilisti, akaja nyumbani kumwonya kwamba watu wanasema anasali na mpagani, na kwamba wazee watamtenga. Bibi alimpa kiti na chai. Akamwambia, "Yule mwalimu akikaa pale yuko na uchungu wake, basi. Ameniambia mwenyewe, hana Mungu wa kumlilia. Mimi nikikaa namkuta Yesu, naye analia. Mliponiambia nisilie, nilikuwa simwoni." Mwinjilisti alimaliza chai yake, akaaga. Hatukusikia tena habari za kutengwa.

Mimi nimekuja kuyasoma mafundisho ya Budha nikiwa mtu mzima, na siyakubali yote. Lakini yanaanza na maumivu ya mwanadamu, na hayana haraka ya kuyapita. Nilipotoka huko nikarudi kwenye bustani ya Gethsemane, nikaona nilichokuwa nakiruka tangu utotoni: kabla Yesu hajayakubali mapenzi ya Baba yake, aliomba kwanza aepushwe, jasho likimtoka. Bibi hakuwa ameasi. Alikuwa bado yuko bustanini, na sisi tulitaka awe ameshatoka.

Jumapili yangu ya kipaimara nilikuwa nimesimama mbele, nguo nyeupe imenibana kwapani, siwezi kugeuka. Sala ya Bwana ikaanza. Tulifika pale, tukapita, na usharika mzima ulikuwa umeshafika kwenye mkate wa kila siku niliposikia nyuma yangu sauti moja, nzito, imeachwa peke yake, ikisema neno lile polepole mpaka mwisho. Baadaye bibi alikuja mbele akapiga magoti, ambayo hayakuwa na ugonjwa wowote. Nililia, mchungaji akadhani ni Roho.

Mwalimu aliondoka mkataba ulipoisha, bibi akafariki miaka mingi baadaye, na baraza ile imevunjwa kupisha duka la simu. Hayo siyasikitikii sana. Ninalolisikitikia ni jingine. Kanisani kwetu siku hizi kuna vipaza sauti vinne, na sala inakwenda kwa kasi, yenye nguvu, vizuri tu. Jumapili nasimama katikati ya watu mia mbili nikitega sikio, na siwezi tena kusikia ni nani amenyamaza.