Siku Niliyopiga Chuma cha Moto

Aibu yangu hii sina tena pa kuificha, maana kuanzia Kolwezi hadi Mutshatsha kila dereva wa pikipiki anaijua, kwa hiyo afadhali muisikie kwangu mwenyewe kabla hawajaitia chumvi zaidi.

Kazi yangu kila kiangazi ni kuzunguka vijijini kuuliza watu kama wako tayari moto wa pori ukija: mmefyeka kuzunguka nyumba, maji yako wapi, nani anaita wenzake. Na kila kijiji jibu ni lile lile, "Ndiyo, mama, tuko tayari," kwa heshima kabisa, hata pale ambapo nyasi zinagusa paa. Siku hiyo nilikuwa nimechoka (si uchovu wa kulala ukapona, ni ule wa kusikia sauti yako mwenyewe ikirudia swali mpaka unaichukia), vumbi limejaa hadi kwenye meno, na Mama Kalenga, mke wa chifu, aliyenipokea, akanionyesha kipande cha reli kilichoning'inizwa mbele ya kanisa.

"Kiangazi, hakuna mutu anagusaka ile chuma," aliniambia. "Hata ya misa, katekista anapigaka ngoma ya kuita bantu. Ukisikia chuma, ni moto."

Kisha akaenda kunisongea bukari, ugali wetu wa huku. Nikabaki peke yangu na ile reli na nyundo yake, nikawaza, mbona niulize tena wakati naweza kuona kwa macho? Nikapiga. (Nilipiga kwa nguvu, ndugu zangu, kama mtu anayelipwa kwa kelele.)

Walikuja! Walitoka mashambani, walitoka mtoni, wengine na matawi mabichi, wengine na ndoo, bibi mmoja nusu ya nywele imesukwa na nusu imesimama, Mama Kalenga na mwiko wenye bukari, wote wanahema, wote wananitazama.

"Moto iko wapi?"

"Hakuna moto, batata na bamama," nikasema huku nikitabasamu kama mjinga. "Ilikuwa exercice tu, ya kujaribu kama muko tayari. Mumefika mbio sana, félicitations!"

Hakuna aliyepiga makofi. Mwanaume mmoja, Tata Mwepu, mchoma makala (mkaa wa kupikia), mweusi kwa masizi hadi kwenye kope, aliangusha tawi lake.

"Exercice? Mama, mi nilikuwa nafungula tanuru ya makala. Nikaiacha wazi!"

Tukageuka sote. Nyuma ya miti moshi ulikuwa umeshapanda. (Tanuru likifunguliwa lazima mtu akae pale na udongo, azime kila cheche, likiachiwa upepo, makala yanawaka upya.) Wakakimbia tena, wale wale ambao hata pumzi hazijawarudi, nami nyuma yao na viatu vyangu vya mjini, nikaanguka, nikapoteza kimoja, nikapiga nyasi kwa tawi mpaka viganja vikachubuka. Moto haukufika kwenye nyumba, kwa sababu walikuwa wameunguza nyasi za karibu mapema, zikiwa bado na ubichi (waliniambia hivyo asubuhi, nami sikuwasadiki). Lakini makala ya Tata Mwepu yaliishia kuwa majivu, na ndiyo hayo yaliyokuwa yamrudishe binti yake Kolwezi kusomea uuguzi.

Niliomba msamaha nikilia, kiatu kimoja mguuni. Nilitamani anitukane, ingenipunguzia. Yeye alikaa chini, akajifuta uso, akasema polepole:

"Mama, unaona sasa? Tuko tayari."

Binti hakurudi shuleni mwaka ule, na jambo hilo linaniuma kila nikipita njia ile. Chuma cha watu sitakigusa tena; hata nikiuona moto kwa macho yangu, nitamwita mwenye kijiji akipige mwenyewe. Wala si lazima niape, maana habari zilinitangulia: siku hizi nikiingia kijiji chochote wananisalimia vizuri, wananipa kiti, wananipa maji, kisha mtu mmoja anainuka na kwenda kusimama karibu na chuma.