Mtu Asiyeulizwa Ukoo

Ndani ya begi langu la vifaa kuna mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko huo kuna vitabu vitatu vya makauboi. Kimoja hakina jalada. Kazi yangu ni kutengeneza cherehani kwenye magulio ya Karagwe na Kyerwa, na chumba nilichopanga kipo Rubwera, nyuma ya maduka. Jioni nikishanawa mafuta mikononi, nafungua ukurasa wowote nasoma. Hadithi zote nazijua. Mtu anafika peke yake juu ya farasi, mji una shida zake, bastola inatoka, na baadaye anaondoka alivyokuja.

Nilianza kuvisoma nikiwa sekondari. Kabati la shule lilikuwa na rafu ya chini iliyojaa vitabu vya Kiingereza ambavyo hakuna mtihani uliovitaka, na kamusi yenyewe ilikuwa imeliwa na mchwa kuanzia herufi za mwisho. Farasi nilikuwa sijawahi kumwona, kwa hiyo yule bwana nilimpandisha juu ya ng'ombe wetu wa pembe ndefu, na alimpanda vizuri tu. Mji wao wa barabara moja na vumbi haukunisumbua. Pombe yao niliifanya lubisi yetu ya ndizi, kwa sababu sikujua pombe nyingine.

Wenzangu bwenini walipenda bastola. Mimi nilikamatwa na kitu kingine. Yule mtu anasukuma mlango, watu wote wananyamaza, anaagiza kinywaji, anakunywa. Basi. Hakuna anayemuuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?" Mara ya kwanza nilirudi nyuma nikasoma tena, nikidhani nimeruka mstari. Kwetu Nyabiyonza hilo haliwezekani. Unasema shikamoo, unaitikiwa marahaba, na kabla hujakaa umeshaulizwa baba yako, babu yako, ukoo wako, na mama yako alitokea kilima kipi. Ukimaliza kujibu, anapatikana shangazi yako aliyeolewa nyumba ya tatu kutoka hapo, na habari zako zinafika nyumbani kabla yako. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Niliona kwamba duniani kuna mahali mtu anaweza kuwa mtu tu, na nikataka kwenda.

Nikaenda. Kahama, Mbeya, Tunduma, miaka mingi. Baba yangu alifariki nikiwa Tunduma. Taarifa nilipata siku hiyo hiyo, na nauli nilikuwa nayo. Sikwenda. Nimejaribu mara nyingi kuandika sababu na kila sababu niliyoiandika niliifuta. Walimzika katikati ya migomba yake bila mimi, na niliporudi Kagera niliishia Rubwera. Nyabiyonza sijafika hadi leo.

Hayo ndiyo yaliyokuwa kichwani mwangu siku nilipoitwa Kibingo kutazama cherehani ya bibi mmoja. Ilikuwa msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa. Nilinunua za kukaanga pale Rubwera, wakanifungia kwenye karatasi, nikala njia nzima nyuma ya bodaboda. Nilipofika, bibi alikuwa anaanua kahawa na mume wake, mzee wa miaka themanini hivi, alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ni mtoto wa nani?"

Kutoka Kibingo hadi Nyabiyonza si mbali kwa habari. Ningetaja jina la baba angesema, aa, kumbe ndiye wewe uliyeshindwa kumzika mzee wako. Kwa hiyo nilifanya kama watu wa vitabuni, nikavaa jina lisilo langu. Nilitaja ukoo wa kijana niliyelala naye kitanda cha juu na cha chini shuleni, na baba nikamtunga.

Mzee alinitazama kitambo. "Basi wewe ni mwanangu," akasema. "Huo ndio ukoo wetu. Vua viatu, ukae hapa."

Nilikaa kwenye mkeka. Hakuna aliyeniletea kiti, wala kahawa ya kutafuna haikuletwa kwenye kikapu kidogo kama anavyoletewa mgeni. Nilipomaliza cherehani bibi aliniambia, "Kahawa iko kwenye kopo juu ya mtungi, jichotee. Ukishatafuna ukakate majani ya mgomba, nafunika chungu."

Jumapili iliyofuata nilirudi, ingawa hakuna kilichoharibika. Na iliyofuata. Wanawe wawili wapo mbali na wa tatu alishafariki, hivyo nyumba ilikuwa na kazi za kunitosha. Nilipunguza migomba, nilirudisha mbuzi, nilitukanwa. "Hivi huko Tunduma mlikuwa mnashika panga kwa mguu?" mzee aliniuliza siku moja mbele ya jirani, na jirani akacheka hadi akakohoa. Nilimwita baba. Neno hilo lilikuwa halijatoka kinywani mwangu kwa miaka, na sikutegemea kwamba lingetoka kirahisi hivyo. Vitabu vilikaa kwenye mfuko. Sikuvifungua miezi minne.

Halafu Jumapili moja, tukiwa tunakula, mzee akasema, "Wiki ijayo wanaukoo wanakutana hapa kwangu. Nitakuonyesha kwao. Kule chini kuna migomba iliyozeeka, mtu akiing'oa na kupanda mipya atapata pa kujenga."

Bibi aliendelea kula. Mimi nilirudisha tonge kwenye sahani.

Wiki hiyo nilirudi kwenye vitabu. Nilitafuta nikaona kila mara yule bwana anapopendwa sana, anapanda farasi. Alhamisi nilipanga begi. Ijumaa asubuhi nilisimama kwenye kituo cha magari ya kwenda Kayanga, begi mgongoni, na gari likapakia, likajaa, likaondoka. Nililitazama. Kwenye vitabu wanaobaki husimama mlangoni wakimwangalia anavyokuwa mdogo, halafu kitabu kinaisha, kwa hiyo hakuna anayejua jioni ile wamekula nini na nani kafunga mbuzi. Nilichukua bodaboda ya Kibingo.

Niliwakuta wote wawili. Sikuvua viatu.

"Mzee," nikasema, "mimi si wa ukoo wenu. Nilidanganya."

Bibi aliweka ungo chini. "Leo ndiyo umejua?"

"Siku ile ulipofika," mzee akasema, "ulikuwa na mguu wa senene kwenye ndevu."

Sikuelewa. Ikabidi bibi anieleze polepole, kama anavyoelezwa mtoto: senene ndio muziro wa ukoo ule. Hawazili, hawazigusi, haziingii ndani ya nyumba. Nilikuwa nimelala miaka minne chini ya yule kijana na sikujua hata kitu asichokula.

"Na harufu yake kwenye shati," bibi aliongeza. "Ulipoondoka nilifagia mlango mara mbili."

"Kwa nini hamkunifukuza?"

"Cherehani ilikuwa bado haijapona."

Walicheka, naye mzee alicheka kwa kelele kuliko bibi, na mimi nikajaribu kucheka. Nikauliza kama kweli angenisimamisha mbele ya wanaukoo.

"Nilikupa mpaka Jumamosi," mzee akasema. "Mtu anayeficha ukoo wake ana jambo. Nikasema ale kwanza, atasema." Akajifuta macho. "Haya. Wewe ni mtoto wa nani?"

Nilimwambia. Ukoo, babu, baba, kilima chetu Nyabiyonza. Nililisema jina la baba kwa sauti, nikiwa nimesimama. Kicheko chake kiliisha kidogo kidogo. Alitazama kahawa iliyoanikwa uani, akatazama mikono yake.

"Msiba huo niliusikia," akasema.

Nilingoja, kwa sababu nilidhani nimeshalipita gumu zaidi. Ndipo akamgeukia mkewe, akasema kwa upole kabisa, "Mletee mgeni kiti."

Bibi alileta kiti, akakifuta kwa kanga. Kahawa ikaja kwenye kikapu kidogo.

Jumapili ya wanaukoo sikwenda. Iliyofuata nilikwenda. Kiti kilikuwa kimeshawekwa, upande wenye kivuli. Mzee aliuliza habari za kazi na za barabara, akaniuliza kama nimeshafika Nyabiyonza. Nikasema bado. Akaitikia kwa kichwa. Nyuma ya nyumba bibi na jirani walikuwa wanahangaika na mbuzi aliyekata kamba, nikanyanyuka.

"Kaa, kaa," mzee akasema. "Wewe ni mgeni."

Nilikaa. Nilitafuna kahawa huku nikiwasikia wanamkimbiza mbuzi kwenye migomba, wanacheka. Hakuna aliyenidharau hapo, na ningependa ieleweke hivyo. Walinipa heshima yote inayompasa mtu aliyetoka mbali. Zamani, kwenye ile rafu ya chini, hicho ndicho nilichokuwa nimekiomba.

Bibi alirudi akihema. "Fundi," akaniita. Zamani aliniita wewe mtoto. "Ukimaliza kahawa, itazame cherehani, inaruka mshono."

Niliitazama. Skrubu mbili zilikuwa zimelegea, kazi ya dakika tano. Nilikaza moja. Ya pili nikaiacha ilivyo, kwa ajili ya Jumapili nyingine.