Dirhamu ya Bi Mwanaidi

Siku yangu ya kwanza katika duka la usonara pale Ikwiriri sikushikishwa nyundo. Fundi Mkuu, Mhindi Mwislamu aliyezaliwa papo hapo, alinikalisha mbele ya sarafu kuukuu akaniambia nisome. Upande mmoja niliiona kalima, ile shahada ya Kiislamu. Upande wa pili kulikuwa na herufi nisizozijua, zikishuka kutoka juu kwenda chini.

"Hiyo dirhamu," akasema. "Waliipiga Wamongoli walipotawala Uajemi zama hizo. Waliposilimu wakaandika kalima, na wafanyabiashara wakaileta pwani. Sikiliza, bwana mdogo: fedha yenye jina la Mungu haiingii motoni. Itengeneze baridi."

Maana yake, usiilehemu. Kulehemu ni kuunga madini kwa moto. Dirhamu tuliivalisha: unazungusha utepe mwembamba wa fedha ukingoni, unaukandamiza kwa koleo ndogo, kisha unafunga pete ya kuning'inizia kwenye huo utepe. Ni kazi ya kutwa, na macho yanauma kwelikweli.

Fundi Mkuu alipofariki nikahamia Kibiti, chini ya Msimamizi wa duka, mtu wa mikogo. Huko ndiko alikonijia Bi Mwanaidi kutoka Ruaruke, na dirhamu iliyokatika pete. Kwao kila bibi harusi huivaa shingoni, na bintiye alikuwa anaolewa Jumapili.

"Mwanangu, hii kaivaa bibi yangu, kaivaa mama, nami nimeivaa," akasema. "Nakukabidhi wewe."

Ijumaa niliifunga kitambaani, nikamwonyesha Msimamizi na kumwambia kwa kinywa changu kwamba hii ni amana ya watu. Nikaenda msikitini. Niliporudi nilikuta kitambaa kitupu, na chungu cha kuyeyushia bado chekundu.

"Fedha imepungua kwenye oda ya bangili," akasema bila kuinua kichwa. "Na yeye tutampa bangili moja, nzito kuliko kile kisarafu chake. Kafaidi!"

Kafaidi! Wallahi, hata leo nikilikumbuka neno hilo damu inanichemka. Nilimwambia usoni kwamba huo ni wizi, na kama ana haya aende Ruaruke mwenyewe akaseme. Ebo! Akaniambia nirudi kwenye nyundo yangu.

Jumamosi Bi Mwanaidi akaja. Msimamizi akamsogezea bangili inayong'aa, huku akichekacheka. Mama wa watu akaipima kiganjani.

"Nzito," akasema. "Lakini bibi yangu hamo."

Akaiacha mezani, akaondoka. Binti yake aliolewa shingo tupu.

Siku hizi vijana mna mitungi ya gesi, mnayeyusha kabla mteja hajakaa kitini, na nikiuliza mnanijibu eti fedha ni fedha. Si kweli hata kidogo! Ulizeni kwanza ni ya nani, na imeandikwa nini. Moto hauna subira, basi fundi awe nayo.

Niliendelea kufanya kazi pale hadi nilipostaafu. Siku ya kuniaga walipika pilau, Msimamizi akahutubia, akanisifu kwa uaminifu. Kisha akanikabidhi zawadi iliyofungwa vizuri kwa karatasi ya maua. Nikaifungua mbele ya watu wote. Ilikuwa ile bangili.

Nikamwambia, "Hii ina mwenyewe."

Nikaiacha mezani, nikaondoka.