Filimbi ya Injini ya Baba

Risasi ya kulehemu ikiyeyuka juu ya ulimbo hutoa moshi mwembamba, mtamu kidogo, unaokwaruza koo. Kwetu Ndhiwa, likizo ile ya Desemba, harufu hiyo ilishinda hata ya omena wa kukaanga. Baba alikuwa mchochea moto kwenye injini za mvuke za reli, kule Kisumu, hadi injini hizo zilipoondolewa kazini naye akarudi kulima. Ndipo rafiki yake wa zamani wa reli, aliyehamia Ulaya, akamtumia sanduku la vipande vya shaba: injini ileile aliyoihudumia, ndogo kiasi cha kulala kiganjani, ila uiunde mwenyewe. Majirani, ambao wengi hawakuwa wamewahi kuona reli, walikuja kuchungulia. Mmoja aliuliza kama tunatengeneza jiko la wanasesere. Baba alimjibu kwamba ndiyo, na chai itakuwa tayari karibuni.

Maarifa yalikuwa ya Baba, mikono ilikuwa yangu. Presha ya macho ilikuwa imelimaliza jicho lake la kushoto, na la kulia lilibaki na upenyo tu. Mchana angavu aliona kitu kilichosogezwa karibu na pua. Kwa taa hakuona chochote. Jumapili alfajiri angesafiri kwenda kupasuliwa, na daktari hakuwa amemficha: huenda jicho likaokoka, huenda likazima moja kwa moja. Alichotaka ni kuiona injini yake imekamilika kabla ya hapo. Basi tulikaa kwenye veranda, chuma cha kulehemu kikipata moto kwenye jiko la makaa, nami nikikwangua vipande kwa wembe hadi ving'ae, nikivishika kwa kibanio cha nyusi cha Mama. Nilikigusisha chuma kwenye kitambaa kibichi, Baba akasikiliza maji yanavyolia, akaniambia, "Bado," au, "Sasa, nyathina." Ndivyo alivyoniita kwa Kijaluo, mtoto wangu, akiwa amefurahi. Ngazi, taa, vishikio vyembamba kama sindano, vyote vilikaa. Usione vyaelea, vimeundwa. Niliungua vidole vya kutosha kuuelewa msemo huo.

Ikafika Ijumaa, imebaki filimbi. Nyumba yetu ilikuwa ya Kisabato, na Mama hakuwa na mzaha katika jambo hilo. Jua likitua Ijumaa, kazi imekwisha na jiko linazimwa. Aliwahi kumwacha shangazi na nusu ya kichwa kimesukwa, na shangazi akaenda kanisani amejifunga kitambaa. Jumamosi usiku moto ungewashwa tena, lakini gizani Baba haoni. Kwa hiyo filimbi ingekaa kabla ya jua kutua, au Baba asingeiona kabisa. Nayo haikuwa ya shaba kama vipande vingine. Ilikuwa ya madini meupe laini, yanayoyeyuka upesi, na Baba aliniagiza niache chuma kipoe kidogo ndipo niiguse. Akaenda kuoga.

Hapo akaingia binamu yangu Okoth, mchimba dhahabu wa Macalder, amekuja kumuaga Baba. Huko wao huyeyusha dhahabu kwa kupuliza makaa kwa kibomba, na wana imani moja, kwamba madini halisi hujulikana motoni. Kibomba chake alitembea nacho mfukoni, kama wengine wanavyotembea na kalamu. Aliponiona nasubiri, akacheka.

"Akinyi, mbona unakibembeleza chuma kama mtoto mchanga? Lete hapa."

Nikamwambia Baba amekataza moto mkali. "Kama ni madini, yatastahimili," akasema, akaitwaa filimbi, akaiweka juu ya kaa, akapuliza. Haikustahimili. Ilikunja shingo, ikawa tone, tone likapotelea majivuni. "Yawa!" akasema Okoth, kibomba kikimponyoka. Nililia kwa hasira. Ningekuwa na nguvu ningempiga.

Baba alitoka kuoga na taulo begani, akaelezwa. Kisha akasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na kwamba hata hivyo filimbi ya kweli ilikuwa ya shaba, basi tutafute shaba. Niling'oa kwa meno ncha ya shaba ya kalamu yangu ya shule, wino ukanijaa mdomoni. Okoth, mpole ghafla, akaichoma hadi wino ukaisha, na hiyo ilistahimili. Jua lilikuwa limegusa vilima vya Gwassi. Mama akatoka na kopo la maji ya kuzimia jiko, akasimama mlangoni. Ncha iliteleza, nikaisimamisha, ikateleza tena. Kuku walikuwa wameshaingia bandani, vilima vimekuwa vyeusi. Nilimtazama Mama nikingoja ayamwage. Aligeuza uso magharibi, akaangalia mahali ambapo hapakuwa na jua hata kidogo.

"Jua bado," akasema.

Nikagusa. Risasi ikakimbia kuizunguka filimbi, ikang'aa, ikaganda. Mama akamwaga maji.

Asubuhi, kabla ya kanisa, Baba aliitoa injini juani, akaisogeza hadi ikamgusa pua. Alianzia nyuma, polepole, mpaka akafika kwenye filimbi. "Hii italia," akasema, akaendelea kuitazama hadi tukachelewa ibada. Jicho halikuokoka. Ugonjwa ulikuwa umewatangulia madaktari, na hakuna wa kulaumiwa.

Siku hizi nina kibanda cha kutengeneza simu mjini Homa Bay. Chuma changu ni cha umeme, kinaonyesha joto kwa tarakimu, na nisiseme uongo, kinalehemu vizuri kuliko kile cha makaa. Taa ninayo saa yoyote. Injini iko rafuni juu ya chaja; wateja huuliza ni ya nini, nami hujibu kwamba ni jiko. Baba hayupo tena, na ninamkumbuka zaidi ninapogusisha chuma kwenye kitambaa kibichi. Mama amezeeka, na ukimkumbusha jioni ile anakuja juu: yeye hajawahi kuvunja Sabato, jua lilikuwepo, alilitazama kwa macho yake. Zamani nilikuwa nikibishana naye. Sasa ninamwambia, ndiyo Mama, lilikuwepo.